Mtamba Kwenye Ndege ya Mizigo

Kwenye lami, Walikale
Tarehe 11 Februari 2019

Dada Libérata,

Fromaji zako, zile jibini za kwenu, zimefika salama, na barua pia. Kanyere, mke wangu, amekula moja peke yake na anasema asante. Mimi nimeona ladha imebadilika kidogo. Labda mmehamisha malisho.

Habari kubwa ya hapa ni kwamba ndege inakwisha. Kampuni imetangaza kwamba mwisho wa Aprili itaacha kuja. Unajua hapa hatuna uwanja. Ndege inatua barabarani, kwenye kile kipande cha lami kilichonyooka mbele ya duka langu. Ikisikika, askari anapuliza filimbi, pikipiki zinajitupa majanini, mama wauza mihogo wanainua beseni zao, na mimi nafunga mlango kwa sababu ya vumbi. Sasa wakubwa wamesema matengenezo yamekwisha na malori yatapita tena kuanzia Mei, basi barabara inarudi kuwa barabara. Watu wamefurahi. Mimi nimeishi kwa ndege hiyo, na duka linalotazama ndege si sawa na duka linalotazama malori. Nitafunga, nirudi kwetu Butembo.

Miaka yote hii sijapanda ndege hiyo hata mara moja. Haichukui abiria. Inaleta chumvi na sabuni, inaondoka na magunia ya mawe ya madini ya bati. Mtu akipata nafasi ni kwa kujuana sana na wapakizi, na kiti chake ni gunia. Lakini kwa safari ya mwisho nimeahidiwa nafasi, mimi pamoja na mali ya duka, mpaka Goma. Nitapanda. Hofu ninayo, ila usimwambie mtu.

Bihogo hajambo. Mwambie baba yako, Papa Sebagabo, kwamba ng'ombe aliyenipa amekuwa tatizo la usafiri wa anga. Juzi alilala katikati ya lami, ndege ikabaki inazunguka juu mpaka Kanyere alipomwondoa kwa mpini wa ufagio. Baada ya madume mawili, mara hii alizaa jike, na sasa limeacha kunyonya. Nimemwita Piste, yaani njia ya ndege, kwa sababu alizaliwa palepale ndege inapotua.

Antena ya simu ya kwetu bado imekufa, kwa hiyo niandikie kwa njia ileile, gari la maziwa mpaka Goma, halafu ndege.

Wako,
Mbusa


Masisi
Tarehe 20 Februari 2019

Kaka Mbusa,

Munyakazi, dereva wa gari la maziwa, amenipa barua yako ikiwa imelowa lakini inasomeka. Baba amefurahi kusikia Bihogo yu hai. Sisi sote wazima. Ng'ombe wetu pia wazima, wako kwenye malisho ya mbali, huko juu, na bila shaka hiyo ndiyo ladha uliyoisikia kwenye fromaji. Ulimi wako ni mwepesi kuliko wa wanunuzi wangu.

Umesema Bihogo amezaa jike? Ni la rangi gani? Lina alama usoni? Kuacha kunyonya, limeacha kabisa au bado linaiba? Linakula vizuri majani ya huko msituni? Na ukirudi Butembo utafanya nalo nini? Nauliza tu.

Pole kwa habari ya ndege. Ukipanda, kaa mbali na mlango.

Mwanangu Umwali anakusalimia. Amepoteza meno ya mbele na bado haachi kusema.

Dada yako,
Libérata


Masisi
Tarehe 20 Februari 2019

Jado mdogo wangu,

Barua hii nampa mtu wa pikipiki anayepita Kalembe, akufikishie huko Pinga. Isome, halafu uitie motoni.

Baba hajatoka kitandani tangu Noeli. Si mgonjwa. Muuguzi amempima hakuona kitu. Tangu wale watu wenye bunduki wachukue ng'ombe wote mwezi wa kumi, amekuwa akichoka, na sasa amegeukia ukuta. Wageni wakija anawaambia ng'ombe wako malisho ya mbali, nami naitikia. Hata Hélène jirani yetu anaitikia, na ndiye anayenipa maziwa ya kutengeneza fromaji. Chakula anaonja tu. Naogopa, Jado. Naogopa sana kwamba ataondoka hivihivi, bila ugonjwa, kwa kuchoka tu.

Sasa sikiliza. Bihogo, kwa kuwa alikuwa kwa Mbusa, ndiye peke yake aliyepona katika ng'ombe wa baba. Na amezaa jike. Nilipomsomea baba neno hilo, alikaa. Alikaa mwenyewe, akaomba chai. Tangu siku hiyo kila gari la maziwa likipanda anauliza kama limeshusha kitu. Hasemi kitu gani.

Sheria yetu unaijua. Aliyepewa ng'ombe, siku ng'ombe huyo akizaa jike na likakua, anampelekea mtamba huyo wa kwanza yule aliyempa. Ndiyo kwitura. Na aliyetoa hadai. Hata akilala njaa hadai, kwa sababu siku akidai, kile alichotoa hakikuwa tena zawadi na ule haukuwa tena urafiki. Baba alimpa Mbusa Bihogo kwa sababu aligeuza lori lake na mzigo wake wote wa ndizi ili anifikishe hospitali nimzae Umwali. Hawezi kuanza leo kumdai.

Tabu ni kwamba Mbusa ni mtu wa Butembo. Kwao ni duka na lori. Hajui. Baba alipomkabidhi kamba alimwambia, "Umutunze," basi, akafikiri amesema yote. Na nikimwambia Mbusa kwamba ng'ombe wetu wameisha, hiyo pia itakuwa kudai, tena kwa machozi. Kwa hiyo namuuliza habari za ndama mpaka naona haya mwenyewe. Labda ataelewa.

Wewe usithubutu kumwandikia.

Dada yako,
Libérata


Kwenye lami, Walikale
Tarehe 9 Machi 2019

Dada Libérata,

Maswali yako yamezidi ya polisi wa bariera, wale wanaofunga barabara. Najibu kwa utaratibu. Rangi ni nyekundu iliyoiva, kama ya mama yake. Alama ni doa jeupe kwenye paji la uso. Kunyonya ameacha. Anakula majani, maganda ya ndizi, na kalenda moja ya duka.

Nilimsomea Kanyere barua yako akasema, "Huyu dada haulizake bure." Nikamjibu kwamba watu wa ng'ombe ndivyo walivyo, husalimia ng'ombe kwanza, mke wa mtu baadaye. Lakini nakiri nimeumia kidogo. Kama mnafikiri muuza sabuni hawezi kufuga, njooni muone. Watu wanatoka mpaka Bisie kuja kumtazama Bihogo, kwa sababu huku msituni ng'ombe anapita tu akienda kuchinjwa.

Ulitaka kujua nitafanya nini na Piste. Nimelifikiria, na nadhani mtafurahi. Abbé wetu anatimiza miaka ishirini na mitano ya upadri, na sherehe ni Jumapili baada ya Pasaka. Kila mfanyabiashara anatoa kitu. Mimi nimempa Piste. Bihogo atabaki na Kanyere mpaka malori yaanze, lakini lori litakuwa na nafasi ya ng'ombe mmoja tu, na ndama sina njia naye. Kwa miguu mpaka kwenu haiwezekani, kila bariera watataka mguu mmoja, na miguu ni minne tu. Basi itakuwa nyama ya sherehe. Nimeomba Abbé atangaze kwamba huyo ni mtoto wa ng'ombe wa Papa Sebagabo wa Masisi. Jina la mzee litasikika kanisani.

Ndege ya mwisho ni Ijumaa tarehe 26 Aprili. Mali yangu imeanza kufungwa.

Wako,
Mbusa


Masisi
Tarehe 19 Machi 2019

Kaka Mbusa,

Kanisa ni kitu kikubwa. Umefanya vizuri kumkumbuka Abbé.

Sisi wazima. Ng'ombe wazima. Huku mvua ni nyingi na gari la maziwa limelala njiani mara kadhaa.

Tuandikie sherehe ilivyokwenda.

Libérata


Masisi
Tarehe 19 Machi 2019

Jado,

Watamla. Ametoa mtamba wa Bihogo wachome na kula na pilipili, na anangoja tumshukuru. Nimemshukuru. Mkono huu uliomwandikia "umefanya vizuri" nilitaka kuukata.

Nilimsomea baba barua nikaruka mistari. Nilisoma rangi, nilisoma doa jeupe. Aliniambia nirudie doa jeupe. Halafu akauliza, "Na Mbusa anasema nini ingine?" Nikamwambia anasalimia. Akaniambia nitazame paa la zizi, linavuja upande wa ndama.

Zizi halina kitu hata kimoja, Jado, na nimepanda juu kuziba paa.

Libérata


Pinga
Tarehe 28 Machi 2019

Dada,

Barua zako sijazitia motoni, nimezisoma tena na tena na hasira imenipanda. Mwandikie huyo mtu wazi. Si mtu mbaya. Hajui, basi. Wewe unamzungusha kwa maswali ya madoa na majani, yeye anasikia unamtukana ufugaji. Mtakaa na heshima yenu hapo kilimani, wewe na baba, na hamtaikamua hata kikombe kimoja.

Mimi natoa wateja Pinga kwenda Walikale kila wiki kama matope yanakubali. Ni siku moja tu kwa pikipiki. Useme ndiyo, nitaenda.

Jado


Masisi
Tarehe 3 Aprili 2019

Jado,

Hapana.

Libérata


Walikale
Tarehe 11 Aprili 2019

Papa Mbusa,

Mimi ni Jado, mtoto wa Sebagabo, mdogo wake Libérata, yule wa pikipiki za Pinga. Nimepita dukani kwako leo nikakuta umekwenda mjini, Walikale-centre. Nilimwona Piste. Barua hii namwachia Mama Kanyere, kwa sababu abiria wangu hangoji.

Nasema haraka. Sisi hatuna ng'ombe. Waliibwa wote mwezi wa kumi. Malisho ya mbali ni uongo. Fromaji unazokula ni maziwa ya jirani, na ladha uliitambua sawasawa. Baba amelala tangu Noeli, haamki.

Kwetu aliyepewa ng'ombe humrudishia aliyempa mtamba wa kwanza. Dada hawezi kukuambia, baba hawezi kukuambia, ni mwiko kudai. Mimi nimekatazwa na nimekuandikia hata hivyo. Wakijua kwamba umeambiwa, yule mtamba hatakuwa tena kitu ulicholeta kwa moyo wako, atakuwa amedaiwa, na baba hatampokea. Namjua.

Kwa hiyo ukiweza, mpeleke kama vile umelikumbuka mwenyewe. Usiseme "nakurudishia". Sema umekuja kumwonyesha mtoto wa Bihogo. Peleka pombe. Ukiuliza ng'ombe wengine wako wapi, na ni lazima uulize maana mgeni asiyeuliza anaficha kitu, utaambiwa malisho ya mbali. Uamini.

Kama Abbé ameshamla, achana na barua hii.

Jado


Kwenye lami, Walikale
Tarehe 15 Aprili 2019

Jado,

Abbé hajamla.

Nilisoma barua yako nikaenda kukaa nyuma ya duka, juu ya makreti, na nimeona haya ambayo sijawahi kuyaona tangu nianze biashara. Miaka yote mzee ananiangalia tu. Yale madume, moja nililila Noeli na lingine nikauza, nikawaandikia kwa furaha. Na juzi nimemwambia dada yako kwamba jina la baba yake litasikika kanisani, kupitia sufuria.

Nilikwenda kwa Abbé. Akanijibu kwamba ng'ombe ametangazwa altareni na kitu kilichotangazwa altareni ni cha Mungu. Nikarudi nyumbani. Kanyere, ambaye alikuwa ameisoma barua yako kabla yangu (nilikuta bahasha wazi, sikusema), akavaa kitenge cha misa, akatoa nguruwe wake wote watatu bandani, akawaswaga mpaka parokia. Aliporudi alisema, "Mungu amekubali nguruwe." Halafu akaniambia kwamba kama ningekuwa namsikiliza mke wangu, ningejua tangu Machi kwamba dada ya watu haulizake bure.

Imebaki ndege. Kwa barabara haiwezekani, wewe mwenyewe unazijua bariera, na nikingoja malori ya Mei naogopa mzee hatangoja. Ndege ya mwisho ni tarehe 26, na wapakizi wamesema wazi: mali yangu, ndiyo, mimi, ndiyo, ng'ombe, hapana.

Nitakuandikia.

Mbusa


Goma
Tarehe 2 Mei 2019

Jado,

Nilingoja nitulie kwanza.

Siku ya ndege ya mwisho watu walijaa pande zote mbili za lami toka asubuhi, hata wale waliokuwa wanailaani kwa vumbi. Askari alipiga filimbi yake kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kanyere alikuwa amemshika Bihogo kamba, nami nimemshika Piste, na mizigo ya duka imepangwa kando. Ndege ilitua vizuri, hakuna aliyelala barabarani.

Rubani alishuka, mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alimtazama Bihogo kwa muda.

"Huyu njo ule ng'ombe?"

"Njo yeye," nikasema.

"Ananizungusha juu miaka mingi. Mafuta ya kampuni imeisha juu yake. Na huyu mudogo?"

"Mutoto yake."

"Unataka nibebe mutoto ya adui yangu?"

Nikamwambia ndiyo, na kwamba kuna mzee anayemngoja Masisi. Sikusema zaidi. Alizunguka ndege, akapiga tairi teke, akaniambia uzito ni uzito. Magunia ya kampuni hayashuki. Ndama akipanda na mwenyewe akipanda, mizigo ya duka inabaki. Nichague, na nichague upesi, maana wingu linakuja.

Jado, mali ile ni jasho langu la miaka. Nilimtazama Kanyere. Alikuwa ameshaanza kurudisha mabaluti, yale mafurushi ya mali, dukani.

Tulimfunga Piste miguu kwa mipira ya pikipiki, tukamlaza juu ya turubai katikati ya magunia ya mawe, kichwa chake upande wa mbele. Ndani hakuna viti. Kuna wavu wa kushikilia mizigo, harufu ya mafuta, na dirisha dogo ambapo mtu ameandika jina lake kwa msumari. Nilikaa juu ya gunia. Mawe ya bati hayana mto, naweza kukuhakikishia. Mpakizi mmoja alipanda nasi akafunga mlango kwa kamba, ile kamba ndiyo ilikuwa komeo, na hapo nikaelewa kwa nini dada yako aliniambia nikae mbali na mlango.

Injini zilipowaka Piste alilia, na nje Bihogo akamjibu. Nilimsikia juu ya injini. Halafu duka langu lilipita dirishani, nikaliona kwa mara ya kwanza kama rubani anavyoliona, kibanda cha bati tu, na Kanyere mbele yake, kisha lami ikaisha.

Wewe unapita chini kwa pikipiki, kwa hiyo hujui. Msitu hauishi. Unatazama, unasali rozari, unatazama tena, bado ni uleule. Mara mto. Mara uwazi mdogo wenye moshi. Sikuona barabara wala bariera, na hakuna aliyeniomba kitu. Ndege iliruka kama lori kwenye mashimo na kila iliporuka mimi nilishika sikio la Piste, na yeye akavumilia. Mpakizi alikuwa anapiga usingizi. Piste alipokojoa, mkojo ukamfikia, akaamka akapiga kelele:

"Papa, sogeza hii nyama yako!"

"Haiko nyama!" nikamjibu, kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe.

Wiki mbili kabla mimi ndiye niliyekuwa nasema nyama.

Halafu milima yenu ilianza. Kijani tupu, nyasi, nyumba za bati zinazong'aa, na kwenye miteremko vitu vidogo vyekundu na vyeusi, vimetawanyika. Ng'ombe wa watu. Nilivitazama mpaka macho yangu yakauma, kana kwamba ningeweza kuona kilima kimoja ambacho hakina kitu. Rubani alipinda juu ya ziwa, tukashuka Goma. Alizima injini akaja nyuma, akampapasa Piste paji la uso, palepale kwenye doa, akaenda zake. Kesho yake, nasikia, amepewa njia ya Bunia.

Munyakazi alitupandisha kwa gari la maziwa, Piste amesimama katikati ya bidoni tupu za maziwa. Tulilala njiani matopeni, sitaki kuyaeleza.

Kilimani kwenu Libérata alitoka nje akaona. Aliweka mkono mdomoni, akaondoa, akanisalimia kwa utaratibu wote, habari za Mama Kanyere, habari za safari. Nami nikajibu kwa utaratibu wote. Piste ndiye aliyeharibu utaratibu. Alilia.

Ndani ya nyumba kitu kilianguka. Halafu baba yako akatoka, koti mgongoni, kofia kichwani, miguu peku. Amekonda, Jado. Lakini alikuja mwenyewe, bila mtu kumshika.

Nilisema kama ulivyonifundisha. "Papa, nimekuja kukuonyesha mutoto ya Bihogo."

Mzee alimzunguka Piste polepole, akamgusa mgongo, akamfungua mdomo, akaweka kidole gumba kwenye lile doa. Kisha akaanza kutaja ukoo wake, si na mimi, bali na Piste. Huyu ni wa Bihogo. Bihogo wa Gaju. Gaju wa Gitare aliyevuka mto na mimba. Gitare wa Sine aliyekuja na baba yangu. Libérata ameniambia baadaye kwamba majina ya wajukuu siku hizi yanampotea.

Alipomaliza alinigeukia akasema, "Mbusa, miye nilikuwa nimesahau kabisa kama nilikupatia ng'ombe."

Nikasema, "Mimi sikusahau, Papa."

Huo ndio uongo wangu, na sitauungama kwa Abbé.

Tuliketi. Nikatoa pombe. Nikauliza, kwa sababu ulisema ni lazima, ng'ombe wengine wako wapi. Libérata aliyekuwa anamimina alisimamisha mkono. Mzee akajibu, "Malisho ya mbali." Nikasema vizuri, huko majani ni mazuri, nikauliza bei ya chumvi Masisi. Waliniletea maziwa. Kupitia mlango wa nyuma nilimwona mama mmoja jirani akipitisha bidoni juu ya ua. Nilikunywa yote, nikasema ya kwenu ni matamu kuliko ya Goma.

Sasa niko Goma nangoja malori yaanze, nirudi kwa mke wangu na mizigo yangu. Dada yako hajui kuhusu barua yako, na kwangu hatajua.

Mbusa


Masisi
Tarehe 9 Mei 2019

Kaka Mbusa,

Barua hii Munyakazi atakuletea pale Goma kabla malori hayajakuchukua. Naiandika kwa ruhusa ya baba. Jana jioni aliniita akaniambia, "Sasa umuandikie Mbusa ukweli. Mambo yetu na yeye imeisha vizuri, haitakuwa tena kuomba."

Basi ukweli ni huu. Hatuna ng'ombe. Waliibwa wote mwezi wa kumi mwaka jana. Nilikudanganya katika kila barua, na siku ulipokaa kwetu nilikudanganya usoni. Maziwa uliyokunywa ni ya Hélène. Nisamehe.

Baba anafikiri atakushangaza. Mimi sidhani. Mtu asiyejua kitu angeuliza ni malisho gani, ni nani anawachunga, kwa nini wako mbali wakati wa mvua. Wewe uliuliza mara moja ukakimbilia bei ya chumvi. Sitakuuliza ni nani alikuambia. Huyo nitamngoja hapa siku atakapokuja na pikipiki yake, na namshukuru mpaka sijui nimshukuruje, lakini kwanza nitamchapa.

Nimesikia kutoka kwa Munyakazi kwamba mali yako ilibaki Walikale. Hukunitajia. Nimenyamaza nalo, kwa sababu nikianza kulisema sitaweza kuandika.

Nikueleze habari za leo. Asubuhi baba alinigombeza mbele ya watu wote wa gari la maziwa. Alisema jua limetoka nami bado sijafungua lango la zizi, kwamba nyumba hii imejaa wavivu, kwamba ng'ombe watakufa njaa wakati mimi nachagua kitenge. Aliomba uji, akaumaliza amesimama. Nilifungua lango. Piste alitoka mbele, yeye nyuma na fimbo, anapiga mluzi na kumkaripia kana kwamba anaongoza ng'ombe arobaini, akapanda naye kilima mpaka sikumwona tena. Hakuangalia nyuma.

Nikabaki nimeshika nguzo ya lango, nalia kwa sauti, mpaka Hélène akaja mbio kuuliza ni nani amekufa.

Nikamwambia hakuna mtu aliyekufa.

Dada yako,
Libérata